Uhandisi wa mitambo Lubumbashi: namna ya kusoma, na namna ya kupata staji yenye kazi ndani yake

Lubumbashi ni mji uliozaliwa na tanuru. Shaba ya kwanza ilimiminwa hapa mwaka 1911, na tangu hapo mji haujakosa kitu kinachozunguka, kinachosaga, kinachovuta maji au kinachoharibika. Kwa kijana anayetaka uhandisi wa mitambo, hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunzia katika nchi hii. Hata hivyo wapo wanafunzi wanaofika mwaka wa mwisho bila kuwahi kufungua pampu hata moja. Noti wanazo, rapoti ya staji (mafunzo ya kazini) wanayo, jalada lina rangi na nembo ya kampuni kubwa. Ukifungua ndani, historia ya kampuni imekula kurasa kumi na tano, mashine imepata ukurasa mmoja.

Mwongozo huu ni wa anayemaliza sekondari na wa aliyeko miaka ya mwanzo chuoni. Neno langu kubwa nalisema sasa hivi, ili hata atakayeishia aya hii aondoke nalo: usichague staji kwa jina lililoandikwa getini, chagua kwa mashine utakayoruhusiwa kuifungua.

Hatua ya 1: Jua masomo yako yanaitwaje na yanachukua miaka mingapi

Ukienda kujiandikisha ukauliza "mekanike" peke yake, unaweza kuzungushwa. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, fani hii iko ndani ya fakulte ya Polytechnique, kwenye idara ya elektromekanike, yaani mitambo na umeme kwa pamoja. Usione kama umepunjwa. Kiwandani pampu haiji bila mota, na mota haiji bila kabati lake la umeme. Injinia anayesimama mlangoni pa kabati akisema "hilo si langu" huwa anasubiri sana. Upande mwingine kuna ISTA, taasisi ya juu ya ufundi, ambako masomo yameelekea zaidi kwenye ufundi wa vitendo. Anayependa karakana kuliko milinganyo asidharau njia hiyo.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingia rasmi katika mfumo wa LMD: licence ya miaka 3 yenye krediti 180, kisha master ya miaka 2 yenye krediti 120. Uliza kama fakulte unayoitaka inaweka mwaka wa maandalizi kabla ya hiyo mitatu, na kama kuna mtihani wa kuingia. Bajeti ya mzazi inategemea majibu hayo mawili.

Kabla ya kulipa awamu ya kwanza ya minevali (ada ya masomo), nenda ukaongee na wanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne. Usiende kwa apariteri (ofisi ya uandikishaji), nenda kwa wanafunzi wenyewe, nje, chini ya mti. Waulize haya: Karakana inafanya kazi? (Usiulize kama ipo, maana kuwepo ipo. Uliza mashine ya kukereza iliwashwa lini mara ya mwisho.) Staji iko mwaka gani, wiki ngapi, krediti ngapi? Nani anaitafuta, fakulte au mwanafunzi mwenyewe? Jibu la swali la mwisho karibu kila mara litakuwa "wewe mwenyewe", na ndiyo sababu hatua zinazofuata ni ndefu.

Anayetoka sekondari ya ufundi, kwa mfano kwa Wasalesiani wa Salama, mara nyingi anaingia akijua kushika tupa na kusoma mchoro, ila hesabu za mwaka wa kwanza zinamtoa jasho. Anayetoka sayansi ya hesabu na fizikia, kinyume chake. Tafutaneni mapema. Kundi la kusomea lenye watu wa aina zote mbili ni mali.

Hatua ya 2: Mwaka wa kwanza, usikimbie hesabu wala mchoro

Hapa sitakaa sana. Hesabu, fizikia, kemia, mekanika ya nadharia: ni mlima, kila mtu anaupanda, na hakuna njia ya mkato isipokuwa mazoezi ya kila jioni. Umeme ukiwepo, chaji kompyuta na taa. Ukikatika, fanya mazoezi kwa karatasi. Ndivyo mtihani utakavyokuja hata hivyo.

Somo moja tu nataka ulipe uzito kuliko wenzako wanavyolipa: mchoro wa kiufundi. Jifunze kwanza kwa mkono, penseli na rula, mpaka uweze kutazama kipande cha chuma na kukitoa kwenye karatasi kikiwa na pande tatu na vipimo vyote. Baadaye hamia kwenye programu. FreeCAD ni ya bure kabisa na inatosha kujifunzia. Ukizoea hiyo, AutoCAD au SolidWorks utakazokuta kazini hazitakutisha. Mwanafunzi anayejua kuchora anapata kazi siku ya pili ya staji, kwa sababu karakana zina vipuri visivyo na mchoro. Kipuri kimevunjika, cha kuagiza kitachukua miezi, na mkubwa wa karakana anatafuta mtu wa kukipima na kukichora kikakerezwe mjini. Mtu huyo na uwe wewe.

La lugha: masomo ni kwa Kifaransa, karakana inaongea Kiswahili, na kitabu cha mashine kimeandikwa kwa Kiingereza, mara nyingine kwa Kichina. Kiingereza cha kusoma vitabu vya matengenezo si kigumu. Ni maneno mia chache yanayojirudia. Anza nayo mwaka huu.

Hatua ya 3: Chafua mikono kabla hujaomba staji

Wengi wanarukia kuandika barua wakati mikono bado mitupu. Barua ya mtu asiyejua kutumia kaliper, kile kifaa cha kupimia vipenyo, inafanana na barua ya kila mtu.

Lubumbashi imejaa karakana ndogo: wachomeleaji, wakerezaji, mafundi wa jenereta, wasuka mota upya. Ziko katika komuni za mji: Kenya, Katuba, Kampemba. Chagua moja iliyo karibu na kwenu. Nenda Jumamosi asubuhi, msalimie mwenye karakana kwa heshima yake: "Papa, nasoma Polytechnique, naomba Jumamosi nije kukusaidia kazi na kujifunza, sitaki malipo." Usianze kwa kumweleza nadharia. Fagia, shika taa, leta spana namba 19 anapoitaka. Baada ya muda atakupa bolti iliyokatika umalizane nayo, na hapo shule imeanza.

Vitu vya kujua barabara kabla hujatoka hapo:

Kaliper. Pima kitu kilekile sehemu tatu, andika namba zote tatu. Kaliper ya kawaida inasoma hadi 0.02 au 0.05 mm. Ukitaka 0.01 mm tafuta maikromita. Anayesema "ni milimita 45" bila kusema amepimia nini, hajapima.

Kusoma beringi. Ubavuni mwa kifaa hiki kinachobeba shafti ikizunguka pameandikwa namba, tuseme 6309. Chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5: 09 mara 5 ni 45. Hicho ndicho kipenyo cha tundu kwa milimita. Kwa hiyo 6205 inaingia kwenye shafti ya milimita 25. Kanuni hii inaanzia 04 kwenda juu. Chini ya hapo namba zina utaratibu wao. Herufi zinazofuata nazo zinasema jambo: 2RS ina vifuniko vya mpira pande mbili, ZZ ina vya chuma, na C3 ina nafasi ya ndani kubwa kuliko kawaida, kwa ajili ya mashine inayopata joto. Nimeona mafundi wakibadilisha C3 kwa beringi ya kawaida kwa sababu "ni saizi moja". Saizi ni moja kweli. Mashine ikishapata moto, hiyo nafasi iliyokosekana ndiyo inayoiua.

Kibati cha mota. Kilowati, ampea, volti, mizunguko kwa dakika, kiwango cha ulinzi dhidi ya vumbi na maji. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mota ya ncha nne inalenga mizunguko 1,500 kwa dakika na ikibeba mzigo inashuka karibu 1,450. Ukiona kibati kimeandikwa 1,450, umeshajua ina ncha nne bila kuifungua.

Hatua ya 4: Chagua mahali

Sasa tufike kwenye kiini. Sehemu za staji hapa kwetu ziko za aina kadhaa, na kila moja inafundisha kitu tofauti.

Migodi na viwanda vya shaba na kobalti ndiko kila mtu anakotaka kwenda. Ni kweli kuna kila kitu: visagio, mikanda ya kubebea mawe, vinu vya mipira, matangi ya tindikali, pampu zisizohesabika, mpaka kreni inayobeba bamba za shaba kwenye elektrolisi. Ila kampuni kubwa ina sheria nyingi za usalama, na ina haki. Matokeo yake ni kwamba stajieri anaweza kupewa kofia, akatembezwa, kisha akakalishwa ofisini kuingiza namba kwenye kompyuta mpaka wiki ziishe. Ukipata mgodi, uliza mapema utakuwa kitengo gani. Karakana ya pampu au ya mikanda, ingia. "Ofisi ya mipango ya matengenezo" mwaka wa kwanza wa staji, fikiria mara mbili. Ofisi hiyo ni nzuri kwa staji ya mwisho, ukiwa umeshajua kinachopangwa.

Wakandarasi wadogo. Kampuni kubwa hazifanyi matengenezo yote zenyewe. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 ilitenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, na tangu hapo kampuni za kuchomelea, kusawazisha mashine, kukarabati mota na kufunga mabomba zimekuwa nyingi. Wana watu wachache na kazi nyingi, ndiyo maana mwanafunzi anagusa kazi siku ya kwanza. Kasoro yake: baadhi yao usalama ni wa maneno tu. Tazama viatu vya mafundi wao kabla ya kutazama nembo yao.

Reli. SNCC, shirika la reli la taifa, ina makao yake hapa mjini, na reli ya Katanga ni ya upana wa milimita 1,067. Kwenye karakana ya reli utajifunza magurudumu, breki za hewa, dizeli kubwa, uchomeleaji wa chuma kinene. Vifaa vingi ni vya zamani, na kwa mwanafunzi hilo ni jambo jema: mashine ya zamani inaonyesha viungo vyake, haina kadi ya elektroniki inayoficha kilichotokea.

Kiwanda cha bia, cha vinywaji au cha unga. Ningekuwa na mdogo wangu mwaka wa pili, ningempeleka hapa kwanza. Kiwanda cha bia kina boila ya mvuke, mitambo ya kupoza kwa amonia, kompresa za hewa, mikanda ya chupa na pampu safi, vyote ndani ya ukuta mmoja. Kozi ya termodinamiki uliyoikariri utaiona ikitoa jasho. Tena chupa zikisimama, kila mtu anakimbia, na hapo utajua maana ya matengenezo.

Wauzaji na warekebishaji wa mashine kubwa za kuchimbia. Wanafundisha hidroliki na uchunguzi wa hitilafu kwa utaratibu, kitabu mkononi. Nafasi ni chache, na wanapenda anayesoma Kiingereza.

SNEL, shirika la umeme la taifa, na mabwawa ya Katanga, kama Mwadingusha na Nzilo, ni kwa anayependa turbini. Ni mbali na mji, kwa hiyo hesabu malazi. Vivyo hivyo Likasi iko karibu kilomita 120, Kolwezi karibu 300. Staji nzuri Likasi kwa mjomba inaweza kuishinda staji ya jina kubwa Kolwezi ambako utalipa chumba. Usitegemee posho; ikija, shukuru.

(Wazo hili la kuchanganya darasa na kiwanda si letu wala si la jana. Mwaka 1906, huko Cincinnati, Marekani, Herman Schneider alianza kupeleka wanafunzi wa uhandisi viwandani kwa zamu, wiki shuleni, wiki kazini. Mwaka huohuo Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Sidhani kama walijuana.)

Hatua ya 5: Barua, na mlango

Anza miezi minne au mitano kabla ya tarehe unayoitaka. Watu wengi huomba wakati wa likizo kubwa ya kiangazi, na walinzi wa getini huchoka kupokea bahasha zinazofanana.

Faili lako liwe na barua ya fakulte yenye muhuri, barua yako mwenyewe, CV ya ukurasa mmoja, matokeo ya mwaka uliopita, nakala ya kadi ya mwanafunzi na ya kitambulisho. Chapa nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, unaondoka nayo. Bila nakala hiyo, utakaporudi baada ya wiki mbili utaambiwa barua haikufika, na huna la kujibu.

Barua yako mwenyewe ndiyo inayokutofautisha. Itaandikwa kwa Kifaransa, lakini moyo wake uwe hivi:

"Naomba staji ya mwezi mmoja katika karakana yenu ya pampu. Nimesoma mashine za majimaji na mchoro wa kiufundi. Natumia kaliper na maikromita, na nasoma mchoro wa kuunganisha mashine. Ningependa kufuatilia sababu za kuharibika kwa sili na beringi za pampu zenu. Mwisho wa staji nitawaachia jedwali la yote niliyoyaona na michoro ya vipuri nilivyopima."

Hakuna "kampuni yenu mashuhuri inayong'ara". Umetaja mahali, umetaja unachojua, umetaja utakachoacha. Mkuu wa matengenezo akiisoma anaanza kukuona mahali fulani karakanani.

Kuhusu watu wa kukuunganisha: ndiyo, mjomba aliye ndani anasaidia, na hakuna haja ya kujifanya hatujui. Mwombe akupe jina la mkuu wa karakana, si jina la mkurugenzi. Mkurugenzi atakuingiza getini. Mkuu wa karakana ndiye atakayekupa spana. Lakini mtu anayekuomba pesa ili "apitishe faili", achana naye. Na wasichana wanajua kuna wanaoomba zaidi ya pesa. Hiyo si ada ya staji. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mzazi na mkuu wa idara, peleka faili kwingine. Staji ipo kwingine.

Kwa sekretari na mlinzi, salamu kwanza, faili baadaye. "Mama, bonjour, habari ya kazi? Nimekuja kufuatilia barua ya tarehe fulani." Mtu unayemsalimia vizuri mara tatu, mara ya nne anakutafutia bahasha yako mwenyewe.

Hatua ya 6: Kabla ya siku ya kwanza

Viatu vyenye chuma mbele, ovaroli isiyoning'inia, miwani. Uliza nini wanatoa wao na nini unaleta wewe. Viatu nunua vyako hata kama wanatoa, kwa sababu vya kuazima havitakutosha, na utasimama navyo kwa muda wa saa nane. Pete na mkufu vibaki nyumbani. Mashine ya kukereza haitambui dhahabu. Uliza fakulte kuhusu bima ya ajali, na uondoke na karatasi mkononi.

Jambo moja lazima ulielewe kabla ya kugusa chochote: kufuli. Kabla ya kufungua mashine, umeme unakatwa kwenye swichi yake, na kila mtu atakayeigusa anatia kufuli lake binafsi hapo, ufunguo mfukoni mwake. Kisha mnajaribu kuiwasha, kuhakikisha kweli haiwaki. Hata hapo haijalala: kunaweza kubaki presha kwenye bomba, mzigo uliosimama juu, mkanda wa mlimani unaotaka kurudi nyuma. Fundi akikuambia "dakika mbili tu, hakuna haja ya kufuli", rudi nyuma hatua mbili na umwombe kwa upole akusubiri ukalete lako. Atanung'unika, mwache anung'unike.

Penye tindikali ya salfuri, jua bafu la dharura liko wapi kabla ya kujua kitu kingine. Ikikurukia, maji mengi, dakika 15 au zaidi, nguo zikivuliwa humohumo, kisha zahanati.

Na simu: picha za kiwandani usipige bila ruhusa ya maandishi. Wapo waliorudishwa nyumbani siku ya pili kwa sababu ya selfi.

Hatua ya 7: Ndani ya staji, shika mashine moja

Wiki ya kwanza tembea, tazama, jifunze majina. Wiki ya pili chagua mashine moja au aina moja ya hitilafu uishikilie mpaka mwisho. Stajieri anayetaka kuona kila kitu anarudi nyumbani na picha ya kiwanda kizima kichwani na hawezi kueleza bolti moja.

Nunua daftari gumu la mfukoni, si karatasi za kupeperuka. Kila siku, kabla ya kupanda basi, andika. Ukurasa wake unaweza kuwa hivi:

"Pampu P-12. Mota 15 kW, mizunguko 1,450. Imeletwa kwa sababu sili inavuja. Shafti penye sili: 44.93, 44.91, 44.95 mm, mchoro unasema 45. Mfereji unasikika kwa ukucha. Uso wa sili umepasuka kama uliopata moto. Fundi anasema: umeme ukikatika maji ya kupoza sili yanakatika, ukirudi pampu inawashwa kabla maji hayajarudi."

(Sili ni kizibo kinachozuia maji yasivuje pale shafti inapoingia kwenye pampu.) Tazama sentensi ya mwisho ya ukurasa huo. Hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha chuo. Imo kwenye kichwa cha fundi aliyefanya kazi hapo miaka mingi, na ndiyo rapoti yako nzima. Sasa kazi yako ni kuipima: fungua daftari la kukatika kwa umeme la chumba cha kuongozea, fungua daftari la sili zilizobadilishwa, ziweke tarehe sambamba. Zikifuatana, una hoja. Zisipofuatana, una hoja pia.

Mafundi wakubwa wanastahili heshima ya kweli, si ya kuigiza. "Papa, ulijuaje ni beringi na si shafti?" ni swali zuri. "Kwenye kozi tumesoma kwamba..." ni namna ya kufunga mdomo wake. Akisema jambo linalopingana na kitabu, usibishane hapohapo. Nenda ukalihesabu usiku. Mara nyingine kitabu ndicho kilichoandikwa mahali pengine.

Mfano mzuri ni kimo cha mji wetu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vinasema hewa inaweza kusukuma maji mpaka mita 10.3 kwenye bomba lenye utupu. Hiyo ni pwani. Hapa kwetu shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 88, na hizo zinafika mita 9 tu. Pampu inayonyonya kutoka chini imepoteza zaidi ya mita nzima kabla haijaanza kazi, na ukiongeza msuguano wa bomba na vali, inaanza kutoa kelele kama inatafuna changarawe. Fundi atakwambia "hii pampu haipendi kuvuta". Yuko sahihi, na wewe sasa una namba ya kumuunga mkono. Vilevile mota za kawaida huhesabiwa kwa kimo kisichozidi mita 1,000. Juu ya hapo hewa ni nyepesi, inapoza pungufu ya inavyotakiwa, na mzigo wake unapaswa kupunguzwa kidogo. Dizeli isiyo na turbo inaonja hilo hilo.

Na fanya hesabu ndogo kwa kila mashine unayoigusa. Hiyo P-12, tuseme inasukuma mita za ujazo 100 kwa saa mpaka mita 30 juu, na ni maji ya kawaida. Uzito wa maji, mara mtiririko kwa sekunde, mara kimo: 1,000 × 9.81 × (100 ÷ 3,600) × 30, unapata karibu wati 8,200. Ufanisi wa pampu ukiwa asilimia 70, shafti inahitaji karibu kW 11.7. Ndiyo maana wakaweka mota ya 15. Kama kipimo cha ampea kinaonyesha mota imeelemewa wakati mtiririko haujazidi, una kitu cha kutafuta: kimiminika ni kizito kuliko maji? Impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, imebadilishwa ikawekwa kubwa? Beringi inakwama? Ukimpelekea msimamizi wako swali la namna hiyo, asubuhi inayofuata atakuita kwa jina.

Hatua ya 8: Rapoti

Historia ya kampuni, nusu ukurasa. Mchoro wa uongozi, acha, ama uweke kwenye viambatisho kama chuo kinaudai. Anza na swali lako kwa sentensi moja. Kisha mashine ilivyo, kwa mchoro wako wa mkono au wa programu. Kisha ulichopima na ulivyopima. Kisha ulichogundua, na unachopendekeza, kikiwa na gharama ya kukadiria hata kama ni ya kipuri kimoja. Kwa P-12 pendekezo linaweza kuwa dogo sana: swichi ya presha kwenye bomba la maji ya sili, isiyoruhusu mota kuwaka mpaka maji yawepo. Kidogo, rahisi, na mkuu wa matengenezo anaweza kukifunga Jumamosi.

Usinakili rapoti ya mwaka jana. Maprofesa wanasoma rapoti nyingi, na pampu ileile ikiwa na kipenyo kilekile miaka mitatu mfululizo inajulikana. Kabla ya kuipeleka chuoni mpe msimamizi wa kiwandani aipitie. Kuna namba za uzalishaji ambazo hawataki zitoke nje, na ni haki yao. Zibadilishe kuwa asilimia. Swali lako likiwa zuri, usilitupe: linaweza kuwa mbegu ya kazi ya mwisho wa masomo, na utarudi kwenye karakana ambayo tayari inakufahamu.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka

Rudisha kofia, beji na kila kifaa ulichoazima, na uandikiwe kwamba umerudisha. Kabidhi lile jedwali na michoro uliyoahidi kwenye barua; nakala kwa mkuu wa karakana mwenyewe, si kwa sekretari peke yake. Fomu ya tathmini yenye alama zako ifungwe kwenye bahasha yenye muhuri, na cheti cha staji kitaje kitengo na tarehe zote mbili, ya kuanza na ya kumaliza. Soma jina lako lilivyoandikwa, yote matatu, ukiwa bado umesimama mbele ya meza. Kurekebisha herufi moja siku hiyo ni dakika tano. Kurekebisha ukiwa na diploma mkononi, mbele ya dirisha la ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, ni safari nyingine kabisa.